Sauti Iliyoachwa Kambi Muru

Timothy Murunga hapendi kusomewa. Ukimkuta nje ya ploti ya Mama Tony, hapo Kawangware, ameketi kwenye kibao chake anaota jua, nawe una gazeti mkononi na roho yako nzuri inakusukuma umsomee vichwa vya habari, atakushukuru kwa adabu zote za kwao Bungoma, kisha atakwambia basi, inatosha. Wapangaji wengine humwona ana maringo. Kipofu gani huyo anayechagua macho ya kuazimwa? Lakini watu wa ploti ni watu wa ploti, na mdomo haulipi kodi.

Sababu anayo. Zamani alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Industrial Area, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, jicho moja kisha la pili. Siku hizo alikuwa akikaa na ndugu yake, Geoffrey, na Geoffrey ndiye aliyekuwa akimsomea ujumbe wa simu. Geoffrey hakuwa mtu mbaya, na hilo nalisema mapema ili usimchukie bure. Alikuwa amechoka, basi. Kumshika mtu mzima mkono asubuhi umpeleke na jioni umrudishe si mchezo. Kiwanda kilipotuma ujumbe kwamba Murunga arudi, amepatiwa kazi ya kupokea simu, Geoffrey aliutazama ule ujumbe, akakohoa kidogo, akasoma: "Wanasema pole sana, wanakuombea." Halafu akaufuta.

Murunga alikuja kujua ukweli miaka ikiwa imeshapita, kwenye matanga ya mfanyakazi mwenzake, mtu alipomwuliza mbona aliwaringia walipomwita. Hakumpigia Geoffrey kelele. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe, Nabalayo, kwamba yeye hatasomewa tena na mtu maishani mwake, labda Biblia kanisani, kwa kuwa ile watu wengi wanaijua na ukiibadilisha utashikwa.

Ndiyo maana siku shirika moja la upande wa Ngong Road lilipomfundisha kompyuta na kumwekea programu inayosoma skrini kwa sauti, Murunga alilia mbele ya watu, na hakuona haya. Sauti yenyewe ilikuwa ya mama wa makamo, Kiswahili chake kimenyooka. Ilisoma kila kitu kilichoandikwa, hata makosa yako ya herufi iliyatamka vilevile. Murunga aliipa jina Shangazi. "Shangazi hana aibu, hana huruma, wala hakohoi," alikuwa akisema, na Nabalayo akicheka huku akikanda unga wa chapati za kuuza getini.

Shangazi ndiye aliyemrudishia kazi. Shirika lilikuwa na mradi wa kurekodi wazee wa Bungoma wakisimulia mambo ya zamani, na lilihitaji mtu wa kuyasikiliza maneno yale na kuyaandika. Nani wa kumshinda Murunga? Lubukusu, lugha ya kwao, alinyonya nayo, Kiswahili cha ofisini alikuwa nacho, na masikio yake, usiseme. Asubuhi alivaa shati la kola akaketi mbele ya kompyuta yake kuukuu, sanduku kubwa linalonguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Pembeni mwa kitufe cha kuwashia alikuwa amegandisha kifuniko cha soda kwa gundi, kidole kisihangaike. Kwa mara ya kwanza tangu macho yake yafe, watoto wa ploti walikuwa wakiambiwa wasipige kelele, Baba Imma, ndilo jina lake la nyumbani, yuko kazini.

Sasa kuhusu leseni, nisikilize vizuri, maana hapa ndipo taabu yote ilipozaliwa. Programu ile ilikuwa na leseni, na leseni ni kama ufunguo wa nyumba ya kupanga. Inakaa ndani ya kompyuta moja. Ukitaka kuhamia kompyuta nyingine, kwanza unairudisha kutoka ile ya zamani, kama unavyomrudishia mwenye nyumba ufunguo, ndipo unaifungulia kule mpya. Ukihama ukaiacha ndani, imepotea, na waliotengeneza programu wanakuhesabia. Na mafundi wetu unawajua. Mpelekee fundi kompyuta yenye mafua tu, dawa yake ni moja: tupige fomati. Wanafuta kila kitu, mashine inabaki safi kama sahani, wanakuita uje uchukue. Murunga alikuwa ameshapoteza leseni kwa mafundi wa namna hiyo, na Beth, yule dada wa shirika aliyekuwa akisimamia mradi, alimwonya: "Mzee, hii niliyokuwekea ndiyo ya mwisho. Hii ikipotea, watakataa kuifungua tena."

Murunga akamwambia Nabalayo: "Fundi yeyote asiitengeneze hii mashine." Nabalayo akasema sawa. Na alimaanisha.

Mwenye ploti, Mama Tony, ana kijana wake Antony mwenye duka la kutengeneza kompyuta kule Riruta Satellite. Antony alipokuwa mtoto wa shule, Murunga ndiye aliyemfundisha kuandika insha, hapo hapo kwenye kibao, na kijana hakusahau. Jumamosi moja Murunga akiwa kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa, Antony alibisha mlango kwa Nabalayo akiwa amekumbatia kompyuta nyembamba nyeusi iliyotoka ofisi fulani ya mjini.

"Mama Imma, niaje? Hii ni ya mzee. Zawadi. Nataka akirudi aikute tu mezani."

"Yeye alisema mashine isitengenezwe."

"Kwani natengeneza? Nabadilisha. Vitu vyake vyote nitavihamisha, hakuna kitu itapotea."

Nabalayo alifikiri kidogo. Kutengeneza na kubadilisha si kitu kimoja, hata wewe ungesema hivyo. Akampisha. Antony akaihamisha mizigo yote ya Murunga, rekodi za wazee, maandishi, hata nyimbo za kwaya, kazi ya saa nzima na zaidi. Akavuta lile sanduku kuukuu. "Hili nalipeleka Kibera kwa jamaa wa skrepa. Linakula stima tu." Nabalayo akamshikia mlango, tena akamsaidia kulibeba mpaka getini. Moyo wake ulikuwa mweupe. Alikuwa akiona uso wa mumewe utakavyofurahi.

Na kweli ulifurahi, kwa muda mfupi. Murunga alipapasa ile mashine mpya, akasifu wembamba wake, akaiwasha, akasikia haingurumi. Shangazi akaanza kuongea. Akasema: "Leseni ya programu hii haijathibitishwa. Programu itafungwa." Akanyamaza.

Murunga akabonyeza tena. Kimya. Akabonyeza funguo zote anazozijua, polepole kwanza, kisha kwa pupa. Antony akainama akajaribu yake, akaunganisha intaneti, akaandika namba za leseni alizozikuta kwenye barua pepe za zamani. Skrini ikakataa.

"Mzee, usijali. Iko ile imevunjwa kufuli, watu wanaweka. Naitafuta tu."

"Usiniletee kitu cha wizi chenye minyoo ndani, mna sauti za wazee humo," Murunga akasema. "Ile yangu ya zamani iko wapi?"

Antony na Nabalayo wakaangaliana. Hapo tu Murunga akajua, maana ukimya wa watu wawili wanaoangaliana yeye huusikia.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, lakini kanisa lilisubiri. Walikwenda wote watatu mpaka Kambi Muru, kule Kibera, Murunga akiwa ameshika bega la Nabalayo na Antony akitangulia kuwaonyesha mitaro ya kuruka.  Njiani Murunga alikuwa akiomba kimoyomoyo, na ombi lake lilikuwa fupi: liwe zima. Sanduku likiwa zima, wataliwasha, watairudisha leseni kwa njia yake, Shangazi atahamia kwenye mashine mpya, na mambo yaishe kwa kicheko.

Muia, yule mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa na uwanja wa mabati nyuma ya kioski cha makaa. Nyundo zilikuwa zikipiga pande zote. Alipoambiwa shida yao akacheka.

"Sanduku za kompyuta hapa ni kama viazi, mzee. Nyingine zimeshapasuliwa. Utaijuaje yako na macho ndiyo hayo?"

"Nipe nafasi," Murunga akasema.

Akapiga magoti kwenye vumbi la kutu na kuanza kupapasa. Nabalayo alitaka kumsaidia, akamwondoa mkono. Alipitisha vidole mbele ya sanduku moja hadi jingine, penye kitufe, akiliacha na kufuata la pili. Wapiga nyundo mmoja mmoja wakaacha kazi, wakasimama kumtazama. Akajikata kidole kwenye bati, akafuta damu kwenye suruali, akaendelea. Mwisho, chini kabisa, karibu na ukuta, kidole kikagusa kifuniko cha soda.

"Ni hili," akasema. Akalikumbatia, mtu mzima na shati lake la Jumapili, akalitikisa, akasikiliza tumbo lake. "Zima kabisa. Nabalayo, ni zima! Diski iko ndani, naisikia."

Nabalayo akapiga vigelegele, hata Muia akapiga makofi. Antony peke yake hakushangilia. Akauliza, sauti yake ikiwa ndogo: "Mzee, hiyo leseni ilikuwa inakaa kwa diski?"

"Inakaa wapi tena?"

"Nilipiga fomati," Antony akasema. "Kabla niilete huku. Nilisema mtu asije akasoma mambo yako. Aki mzee, nilikuwa nakulinda."

Murunga aliketi juu ya lile sanduku. Hasira ilimpanda mpaka masikio yakavuma, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumtupia. Mwizi unamlaani. Adui unampeleka kwa chifu. Mtu aliyekupa zawadi na kukufungia siri zako utamwambia nini? Alikaa hapo mpaka nyundo zikaanza tena. Nabalayo alikuwa analia. "Ni mimi nilimfungulia mlango," akasema, na akalirudia neno hilo njia nzima mpaka Kawangware. "Ulimfungulia mtu mwema," Murunga akamjibu. Lakini alilisema kwa meno, na mke anajua sauti ya mumewe.

Ikabaki njia moja tu, kumwomba Beth. Beth naye alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma, ofisi ya shirika mlango umefungwa, na hapatikani ila kwa barua pepe. Murunga akatoa maneno, Antony akaandika, wakatuma. Kabla ya kuondoka Antony akamwonyesha Nabalayo jinsi ya kufungua majibu, kwa kuwa Nabalayo shule aliifikia darasa la nane na kusoma anajua vizuri sana.

Murunga hakupata usingizi siku zile, alijilaza tu. Kilichokuwa kikimtesa hakikuwa Beth kukataa. Kilikuwa hiki: jibu likija, litakuja kwenye mashine bubu, na litasomwa na mtu.

Lilikuja alasiri moja, mvua ikipiga mabati. Nabalayo alipangusa mikono yake, akaketi, akafungua. Murunga akasimama nyuma yake, mkono kwenye mgongo wa kiti. Nabalayo akasoma kwanza moyoni. Kisha akakohoa kidogo.

"Wanasema tungoje. Leseni nyingine inashughulikiwa."

"Na kazi?"

"Kazi ipo. Anasema usiwe na wasiwasi."

Murunga alikisikia kile kikohozi. Lakini chumbani mlikuwa na jiko la mafuta ya taa, na moshi wake hukohoza watu, na mtu anayetaka kuamini hakosi moshi wa kusingizia. Akashusha pumzi. "Mwandikie asante. Mwambie Mungu ambariki." Nabalayo akabonyeza kibodi. Alibonyeza muda mrefu.

Basi akangoja. Na alivyo, alingoja kwa nguvu zote. Aliwaambia watu wa ploti Shangazi yuko njiani, aliimba akinawa uso, na alimpigia Antony simu kumwambia asijilaumu, mambo yananyooka. Kila asubuhi alivaa shati la kola akaketi mbele ya mashine bubu, akipitisha vidole kwenye funguo ili visisahau. Nabalayo alikuwa akimtazama akiwa kwenye karai lake la unga. Kuna siku alitoka nje akamwaga maji ambayo hayakuwa machafu, apate tu mahali pa kusimama. Aliyekuwa akiteseka zaidi katika nyumba ile hakuwa kipofu.

Antony naye hakupata usingizi wa kweli. Aliuliza kila mteja aliyepita dukani kwake Satellite, mpaka mmoja akamwambia kwamba iko programu nyingine inayosoma skrini, ya bure kabisa, haitaki leseni wala ruhusa ya mtu. Akaja nayo mbio. Sauti yake ilikuwa ya kiume, nyembamba, kama mtu anayeongea ndani ya debe, na Kiswahili ilikitamka kama mgeni wa jana. Lakini ilisoma. Murunga alishika mkono wa kijana akashindwa kuuachia. Antony akamvalisha spika za masikioni, akamwonyesha funguo zake, akaaga akiwa anapangusa macho na mkono wa sweta.

Nabalayo alikuwa mlangoni na jiko lake, anageuza chapati. Murunga akaanza kuzoea ule ulimi mpya. Akasoma wimbo wa kwaya. Akasoma jina lake. Kisha, bila nia yoyote mbaya, akafungua barua ya Beth, kwa kuwa alitaka kuyasikia mwenyewe yale maneno mazuri.

"Mzee Murunga," ule mdomo wa debe ukasoma. "Nasikitika. Wenye programu wamekataa kuifungua leseni tena, na mradi wetu unafungwa."

Akasimamisha. Akairudia mwanzo. Ikasoma vilevile. Akaiachia iendelee.

"Lakini usikate tamaa. Iko programu ya bure, fundi wako anaweza kuiweka leo hii. Ukinijibu wiki hii, utapata fungu la mwisho la rekodi nililokuwekea, na kuna wenzetu wa mradi mwingine ambao nimewaambia habari zako. Wanataka mtu kama wewe."

Chini yake kulikuwa na barua nyingine, ambayo hakuna aliyekuwa ameifungua. "Mzee, sijasikia kutoka kwako, wala wao hawajasikia. Wamempa mtu mwingine. Nakuombea heri."

Murunga alitoa ile spika sikio moja, na safari hii hapakuwa na mvua wala moshi wa kusingizia. Alielewa kila kitu hatua kwa hatua. Nabalayo alikuwa amesoma mistari ya juu tu. Machozi yalimziba, akafunga, akamsomea kile ambacho angependa kiwe kimeandikwa. Hakufika chini. Na asante ile hakuiandika, alibonyeza tu. Murunga aliona uchungu ambao hata Geoffrey hakumpa, maana Geoffrey alikuwa amemchoka, na huyu anampenda.

"Inasoma?" Nabalayo akauliza kutoka mlangoni. Hakugeuka.

"Inasoma."

"Umefungua nini?"

"Barua ya Beth."

Kijiko cha kugeuzia kikasimama. Nje mtoto wa jirani alipita akivuta debe kwa kamba, akaenda zake.

"Anasema nini?" Nabalayo akauliza.

 Maneno yote Murunga alikuwa nayo mdomoni, yamepangwa tayari, na kila moja lingemchoma mkewe kwa haki. Akakohoa kidogo.

"Anasema tungoje," akasema.

 Chapati iliyokuwa jikoni ikaanza kunuka, na hakuna aliyeigeuza.